Kabla Hatujasema "Ni Pampu"



Ijumaa baada ya ibada, tukisubiri usafiri nje ya viwanja vya makanisa pale Mesaimeer, akina mama hutuuliza: nyie vijana wa Industrial, mnafanya nini huko hata mikono yenu haitakati? Sisi ni ndugu wachache wa ushirika huu tunaofanya kazi kwenye gereji za Industrial Area, na tumeombwa tuandike kidogo juu ya kazi yetu. Badala ya kueleza kazi yote, tumechagua swali moja ambalo tumelijadili chumbani usiku mwingi. Je, fundi anaruhusiwa kutaja chanzo cha ubovu ambacho hajakithibitisha? Na akikitaja, mteja akalipa, kisha ikabainika chanzo kilikuwa kingine, hasara ni ya nani?

Kwa wasiofika huko: Industrial Area iko kusini-magharibi ya Doha, ng'ambo ya barabara ya Salwa, na mitaa yake inaitwa kwa namba tu. Kuna mitaa ya vioo, ya rangi, ya tairi, ya mabati, na mitaa mirefu ya gereji ambako Mnepali, Mpakistani, Mfilipino, Mganda na Mkenya wanashikilia spana kwenye gari moja. Kiangazi joto hupita nyuzi 45. Sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni mosi mpaka Septemba 15, lakini sisi wa chini ya paa la bati tunaendelea, na bati nalo lina jua lake.

Katika magari yote yanayoingia, yanayotufundisha zaidi ni yale ya jangwani. Wenyeji wa hapa wanapenda kupanda matuta ya mchanga, hasa kule Sealine kusini ya Mesaieed, na mbele zaidi hadi Khor Al Adaid, mahali bahari inapoingia katikati ya jangwa. Gari linalopendwa sana kwa mchezo huo ni Nissan Patrol la umbo la zamani, lile la injini ya lita 4.8 yenye silinda sita mstari mmoja, wajuzi wanaiita TB48. Toyota Land Cruiser nalo lina watu wake. Gari kama hilo halibaki lilivyotoka kiwandani. Linanyanyuliwa, linafungwa springi na shokapu ndefu, tairi pana, redieta kubwa, taa za ziada, betri ya pili. Mabadiliko makubwa yanahitaji kibali cha idara ya trafiki, na gari hupelekwa kwenye ukaguzi. Wapo wanaofuata utaratibu na wapo wanaousahau.

Wengi hulijenga gari hilo nyumbani. Baba na wanawe, au ndugu wawili, wanalifumua uani chini ya turubai, majira ya baridi mpaka majira ya baridi mengine. Wanakwangua kutu kwenye fremu, wanapaka rangi, wanafunga upya bolti kwa bolti. Tunawaheshimu kwa hilo. Mtu mwenye uwezo wa kununua gari jipya akachagua kuchafua kanzu yake chini ya chesisi, huyo ana kitu cha kuzungumza na fundi.

Patrol moja la namna hiyo lililetwa kwetu juu ya gari la kubeba magari. Rangi ya fremu ilikuwa safi kuliko ya kiwandani. Feni ya zamani inayozungushwa na injini ilikuwa imeondolewa, zikawekwa feni mbili kubwa za umeme. Malalamiko yalikuwa haya: barabarani gari halina neno, asubuhi mchangani halina neno, lakini alasiri, baada ya kupanda tuta la tatu au la nne, injini inamisi, inakosa nguvu, inazimika. Ukisubiri nusu saa inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Mara ya mwisho mwenye gari alikuwa na watoto watatu ndani, na jua lilikuwa linazama.

Pamoja na gari alileta boksi. Ndani yake kulikuwa na pampu ya mafuta, sensa inayosoma mzunguko wa kranki, koili sita za plagi, na rilei mbili. Vyote vilikuwa vimetolewa kwenye gereji nyingine, kimoja baada ya kingine, katika muda wa miezi mitatu. Kila safari aliambiwa kwamba sasa ndicho. Na kwa haki tuseme kwamba pampu ilipobadilishwa, gari lilikaa wiki mbili bila kuzimika, kwa hiyo kila mtu aliamini. Kisha likazimika tena, na pampu mpya ikiwa ndani.

Jambo la kwanza tulilofanya, kabla ya kufungua boneti, ni kuchukua ile pampu ya zamani kwenye boksi na kuipima. Ilisukuma mafuta kwa presha inayotakiwa, ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Koili zilikuwa nzima. Sensa ilikuwa nzima. Boksi zima lilikuwa limejaa vipuri vilivyohukumiwa bila kosa.

Hapa ndipo tunapoomba mtusikilize kwa makini kidogo, hata kama hamjawahi kushika spana.

Mtu anabadilisha pampu, gari linapona. Anasema: ni pampu. Lakini alichokiona ni mambo mawili yaliyofuatana: pampu ilibadilishwa, kisha gari likapona. Mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, David Hume, alilishughulikia sana jambo hili. Alisema kwamba macho yetu huona tukio moja likifuata jingine, kama mpira wa biliadi ukigonga mwenzake na wa pili ukaondoka. Ile kamba inayoyafunga matukio hayo mawili hatuioni kamwe, tunaiongeza wenyewe kwa mazoea. Hume alitumia kurasa nyingi. Fundi wa Industrial anaweza kulielewa kwa wiki mbili, muda uleule ambao Patrol lile lilikaa kabla ya kuzimika tena.

Ili kubadilisha pampu, fundi mwangalifu kwanza anafungua waya wa betri. Akimaliza anaurudisha na kuukaza. Akishaukaza, huenda ameshika na waya mwingine jirani yake, ule mnene unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini, tunaouita ethi. Umeme wote uliokwenda kufanya kazi mbele unarudi nyumbani kwa njia hiyo. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, kila kitu kinaumwa, na hakuna kipuri kimoja chenye kosa.

Tulipima. Ukiwasha feni zote mbili, kiyoyozi na taa, kisha ukaweka mita ya umeme kati ya hasi ya betri na injini yenyewe, inatakiwa usome karibu na sifuri. Nusu volti ni nyingi tayari. Sisi tulisoma volti 1.4, na injini ilivyozidi kupata moto, namba ikazidi kupanda. Tukafungua ile bolti ya ethi. Chini yake kulikuwa na rangi. Rangi nzuri, ngumu, iliyopakwa kwa upendo uani kwa yule bwana, matabaka matatu, na kichwa cha waya kimekaa juu yake. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti tu, mahali palipokwanguka kidogo.

Sasa kisa chote kikasimama wima. Asubuhi feni hazifanyi kazi sana, umeme unatosha. Alasiri, gari likipanda mchanga polepole kwa nguvu, feni zote zinawaka, njia ya kurudi inazidiwa, volti zinashuka kwenye kompyuta na kwenye pampu, injini inazimika. Nusu saa baadaye bolti imepoa, feni zimelala, gari linawaka. Na yule aliyebadilisha pampu alikaza bolti bila kujua kwamba ndiyo dawa, ikashika vizuri kwa wiki mbili, mpaka mtikisiko wa mchangani ulipoilegeza.

Tulikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukafunga. Namba ikashuka chini ya sehemu ya kumi ya volti. Msimamizi wetu akasema, haya, andika, mteja aje. Mwenzetu mmoja akasema, bado. Alitaka kuirudisha ile dosari makusudi: aweke kipande cha plastiki chini ya waya, aache feni zote ziwake, aone kama gari litazimika tena mbele ya macho yetu, kisha akitoe, aone kama litapona. Ikitokea hivyo mara mbili, tunajua. Isipotokea, na sisi tumesema "ni pampu" kwa sauti nyingine.

Ilichukua saa tatu. Hakuna anayelipa kwa saa hizo. Mteja hakuziomba, bosi hazioni kwenye hesabu yake, na Patrol la pili lilikuwa limesimama mlangoni. Swali letu linakaa hapo hasa, kwenye saa tatu ambazo gari limeshapona na fundi bado hajui kwa nini.

Baadhi yetu, tuliposikia habari za ile gereji nyingine, tulisema moja kwa moja: wezi. Wameuza pampu, sensa, koili, rilei. Lakini tukijadili zaidi tuliona kwamba huenda hakuna mwizi. Inawezekana kabisa kwamba fundi yule aliamini kwa moyo wake kuwa ni pampu. Alikuwa ameona Patrol nyingi zenye pampu mbovu. Joto la hapa huziua kweli, hasa tangi likikaa robo, kwa kuwa mafuta ndiyo yanayoipoza. Aliamini. Je, kuamini kunamtoa kwenye lawama?

Kuna insha ya zamani kuhusu jambo hili, na inawagusa watu wa safari kama sisi. Mwaka 1877 Mwingereza William Clifford, mtaalamu wa hisabati, aliandika juu ya mwenye meli mmoja, mtu wa kufikirika. Meli yake ilikuwa inabeba wahamiaji. Alijua ni kuukuu, haikuundwa vizuri tangu mwanzo, na imetengenezwa mara nyingi. Watu walimtia shaka. Akawaza labda aifumue yote na kuijenga upya, ingawa ni gharama. Kisha akajituliza. Alijiambia imevuka salama mara nyingi, na Mungu hataziacha familia hizi zinazokwenda kutafuta maisha nchi ya mbali. Akasadiki kwa dhati. Meli ikazama katikati ya bahari, naye akachukua fedha za bima.

Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, ijapokuwa aliamini kweli kwamba meli ni nzima, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Halafu anaongeza jambo ambalo lilitukalia kimya chumbani: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile. Ingekuwa haijagundulika tu.

Clifford hakuwa rafiki wa makanisa, na insha yake aliielekeza kwetu sisi waumini pia. Hilo halituzuii kumsikiliza. Yule mwenye meli alilitumia jina la Mungu mahali pa kutumia nyundo na taa, na sisi tunawajua watu wa namna hiyo, wengine tunasali nao. Mtu anaingia Sealine na watoto, tairi zimechakaa, akisema Bwana atatulinda. Maombi yake tunayaheshimu. Tungependa pia apime upepo.

Hata hivyo Clifford anatubana mno. Miaka 19 baadaye, mwaka 1896, Mmarekani William James alimjibu. Alisema yapo maamuzi yasiyongoja ushahidi: ukikaa bila kuchagua, umeshachagua. Fundi analijua hili. Gari likizimika mchangani saa kumi jioni, maji yamebaki lita mbili, hakuna wa kupima volti kwa nusu siku. Utagonga pampu kwa mpini wa bisibisi, utabadilisha rilei, utatikisa nyaya, utajaribu chochote, na hakuna atakayekulaumu. Kubahatisha wakati huo ni kazi halali. Na hata gerejini, wakati mwingine gari haliwezi kuonyesha ubovu wake mbele yetu, mteja anasafiri kesho, na inabidi tukisie.

Tunapotofautiana na ile gereji nyingine ni kwenye neno lililosemwa. Kama wangemwambia: "Hatujapata chanzo. Tunadhani ni pampu, kwa sababu kwenye joto hili mara nyingi ndiyo. Itakugharimu hivi. Ikishindikana, hatutakuwa tumepata kitu. Unataka tujaribu?" basi angelipa kwa macho mawazi, na hasara ingekuwa yake na yao pamoja. Waliposema "ni pampu", walimuuzia kisio kwa bei ya uhakika. Kwa maoni yetu, kisio kilichouzwa hivyo kikianguka, gereji ndiyo ibebe hasara. Pampu ilipe gereji.

Mzee mmoja kati yetu, fundi wa miaka mingi kabla ya kuja huku, hakubali. Anasema: ukienda hospitali ukapimwa damu, mkojo, ukapigwa picha, na vyote visionyeshe kitu, unalipa. Kwa nini fundi asilipwe kwa vitu alivyoviondoa kwenye orodha? Pampu ile mpya ilithibitisha kwamba tatizo si pampu. Ni hoja nzito na wengine wetu walitikisa vichwa kukubali. Jibu letu ni kwamba kupima damu ni kipimo, kubadilisha pampu ni upasuaji. Daktari akikutoa figo ili aone kama ndiyo inayouma, hutamwita mpimaji. Presha ya pampu inapimwa kwa geji, kwa dakika kumi, bila kununua chochote. Mzee anajibu kwamba si kila gereji ina geji. Hapo anasema kweli, na kwa hiyo mjadala haujaisha.

Lakini kuna jambo mzee hakuligusa, nalo ni zito kuliko bei. Nani kati yetu anaweza kusema "sijui" mbele ya bosi? Bili inaandikwa na msimamizi, mikono ni yetu. Mshahara wa chini kwa sheria ya nchi hii tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Kijana anayepokea hivyo, na ada ya mdogo wake inangoja M-Pesa, anaambiwa: mwambie mteja koili zimekufa. Tangu 2020 sheria inamruhusu kuhama mwajiri bila kuomba ridhaa ya yule wa kwanza. Ruhusa ipo, lakini kodi ya chumba, deni la wakala aliyemleta, na wasiwasi wa miezi miwili bila kazi navyo vipo. Hatuwezi kukaa hapa tukamwambia kijana huyo awe shujaa kwa tumbo lake sisi tukiwa tumeshiba. Tunachomwambia ni kidogo zaidi. Asitie jina lake kwenye neno asilolijua. Anaweza kubadilisha alichoagizwa kubadilisha, na kwenye kadi ya kazi akaandika "imebadilishwa" bila kuandika "ilikuwa mbovu". Tofauti ni ndogo, na wengine chumbani waliicheka wakasema ni ujanja wa wanasheria. Huenda. Lakini kadi ile ndiyo atakayoisoma fundi anayefuata, na kama inasema pampu ilikuwa mbovu, atapoteza siku nzima akiamini hivyo.

Mnaweza kuuliza kwa nini tunalifuatilia sana jambo la pampu. Pampu haina mama wa kuililia. Ikihukumiwa bure inalala kwenye boksi.

Watu je? Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, mitaa ya 1 hadi 32 ya Industrial Area ilifungwa, na wengine wetu tulikuwa ndani. Kufungwa kulikuwa na sababu zake na hatuna ugomvi na madaktari. Tunachokumbuka ni baadaye, tulipotoka: mtu kwenye basi anasoma kitambulisho chako cha kazi, anahama kiti. Ugonjwa ulionekana mahali tunapoishi, kwa hiyo ugonjwa ni sisi. Kwamba tulilala watu wengi chumba kimoja kwa sababu ndivyo tulivyopangiwa, hilo halikuwa kwenye hesabu ya aliyehama kiti. Tulikuwa pampu.

Na nyumbani kwetu kuna yaliyo mabaya kuliko hayo. Usukumani, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, bibi fulani alipita jana. Na bibi ana macho mekundu, ndiyo alama. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi, kwa maisha mazima ya kuinama jikoni juu ya kuni na samadi kavu. Hakuna aliyechukua geji. Waliomuua hawakuwa wote wanasema uongo. Wengi waliamini kabisa, kama mwenye meli.

Hatusemi haya kama watu wa mbali. Ushirika huu una familia ambazo msiba ulipotokea kijijini, simu ya kwanza ilileta habari ya kifo na simu ya pili ikaleta jina la mtu. Na nyingine ambazo fedha za kujenga zimetumwa miezi sita, ukuta haujapanda, na kabla ya kuuliza bei ya saruji imefika wapi, kaka aliyeachiwa kazi ameshakuwa mwizi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Labda ni mwizi kweli. Wapo. Lakini swali la fundi linabaki lilelile: umepima nini?

Tulipewa nafasi fupi na tumeshaipita, kwa hiyo tumalizie habari ya Patrol.

Mwenye gari alikuja jioni. Mwenzetu alimwonyesha bolti, akamwonyesha rangi, akaiweka ile plastiki mbele yake, feni zikawaka, na injini ikaanza kumisi kama alivyoizoea. Akaitoa, ikatulia. Yule bwana alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa amepaka rangi ile kwa mkono wake, na kwa sauti ya chini alisema jambo kwa Kiarabu ambalo hatukulielewa lote. Kisha akauliza kwa Kiingereza kama sasa anaweza kuwapeleka watoto Khor Al Adaid.

Mwenzetu akamjibu kwamba kuhusu ethi ana uhakika. Kuhusu gari zima lililojengwa uani, hana, wala hakuna fundi aliye nao. Aende na gari la pili, maji ya kutosha, na arudi kabla ya giza. Msimamizi alikunja uso, kwa kuwa jibu la namna hiyo haliuzi. Mwenye gari hakukasirika. Alilipia kazi ya siku moja, akauliza kuhusu lile boksi.

Koili na sensa alitaka tuzitupe, tukamwambia zote ni nzima, azitunze. Akazitia kwenye mfuko. Ile pampu ya zamani aliigeuza mkononi mara mbili tatu, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka chini ya kiti cha nyuma kama spea ya safari. Msimu uliofuata alirudi kubadilisha oili, na tulipovuta kiti ili kusafisha mchanga, ilikuwa bado iko pale.